Wasomaji Wanauliza: Klabu za Huduma na Vijana Wanaojifunza Kuongoza

Barua za mwezi huu zimekuja na jambo moja, kana kwamba waandishi wake walikuwa wamekaa baraza moja: klabu za huduma kwa jamii, zile ambazo vijana hujiunga nazo shuleni, vyuoni na mitaani ili kuwahudumia wengine na, kwa njia hiyo hiyo, kujifunza kazi ya kuongoza. Nimechagua barua saba. Zilizobaki zilifanana na hizi, na walioziandika watapata majibu yao humu. Nilikuwa mwanachama wa klabu ya aina hii nikiwa mwanafunzi, kisha nikawa mlezi kwa miaka mingi, kwa hiyo sehemu kubwa ya ninayoyaandika nimeyaona kwa macho yangu.

SWALI: Ndugu Mshauri, binti yangu ana miaka 14 na amekuja na fomu ya kujiunga na klabu ya Interact shuleni kwao. Ameniambia kwamba ana rafiki aliye katika Leo na mwingine aliyehamia shule yenye Key Club. Majina haya yote ni mageni kwangu. Ni klabu za namna gani, nani anazisimamia, na mtoto atapata nini huko ambacho hakipati darasani? – *Mama mwenye fomu mkononi*

JIBU: Mama, umefanya vyema kuuliza kabla ya kutia saini. Klabu hizo tatu ni za vijana, lakini kila moja iko chini ya chama cha huduma cha watu wazima, na vyama hivyo vitatu vilizaliwa Marekani katika kipindi cha miaka 12 tu. Rotary ilianzishwa Chicago mwaka 1905 na wakili aitwaye Paul Harris, Kiwanis ikaanza Detroit mwaka 1915, na Lions ikafuata mwaka 1917 kwa juhudi za Melvin Jones, mtu wa biashara ya bima katika mji ule ule wa Chicago.

Vijana walikuja baadaye. Key Club, ambayo ni ya Kiwanis, ndiyo kongwe, kwani ilianza katika shule ya sekondari ya Sacramento, California, mwaka 1925. Klabu ya kwanza ya Leo iliundwa mwaka 1957 katika shule moja ya Pennsylvania, na Lions wakaifanya kuwa programu yao rasmi miaka 10 baadaye. Interact, ile ya fomu uliyonayo, ni ya Rotary. Ilianza Florida mwezi Novemba mwaka 1962, na hupokea vijana wa miaka 12 hadi 18. Jina lake limeunganisha maneno mawili ya Kiingereza yenye maana ya "kimataifa" na "vitendo", na maana hiyo inaonekana katika kazi yenyewe, kwa kuwa kila klabu ya Interact hutakiwa kufanya angalau miradi miwili kwa mwaka, mmoja wa kuihudumia shule au jamii yake, na mwingine wa kukuza maelewano kati ya mataifa.

Sasa nije kwenye swali lako la mwisho, ambalo ndilo kubwa. Darasani mtoto hujibu maswali ambayo mwalimu tayari anayajua majibu yake. Katika klabu hukutana na kazi ambayo hakuna aliyemtangulia kuijibu. Namkumbuka msichana wa umri wa binti yako aliyepewa jukumu la kuandika barua ya kuomba ukumbi kwa ajili ya siku ya kuchangia damu. Rasimu yake ya kwanza ilijaa shukrani na sifa za klabu, lakini haikutaja tarehe. Ya pili ilitaja tarehe, ikasahau saa na idadi ya watu. Hakuna mtu mzima aliyemwandikia. Wenzake wa kamati waliisoma kwa sauti kana kwamba wao ndio wasimamizi wa ukumbi, na kila walipokwama aliweka alama pembeni kwa penseli. Rasimu ya nne ilikuwa na mistari minane tu, na jibu la kukubaliwa lilirudi baada ya siku mbili. Hakupewa alama wala cheti kwa barua ile, lakini ukumbi ulipofunguliwa na watu wakaingia, alijua kwamba mistari yake minane ndiyo iliyoufungua.

Kabla hujatia saini, muulize binti yako mambo mawili: nani huendesha vikao vya klabu hiyo, na nani hushika daftari la fedha. Akikujibu kwa majina ya wanafunzi, tia saini kwa amani. Akikutajia mwalimu katika yote mawili, bado unaweza kutia saini, ila msomee kwanza barua inayofuata.

SWALI: Shikamoo Mshauri. Nina miaka 17 na ni katibu wa klabu ya huduma shuleni. Tatizo letu ni mlezi wetu. Ni mwalimu mwema na anatupenda, lakini ajenda anaandika yeye, mradi anachagua yeye, wafadhili anazungumza nao yeye, na siku ya tukio sisi huvaa fulana na kupigwa picha. Nilipoandika muhtasari wa kikao, aliurudisha akaandika mwingine. Mwenyekiti wetu amekata tamaa na anataka kujiuzulu. Tufanye nini bila kumvunjia mwalimu heshima? – *Katibu asiye na kalamu*

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hilo ulilolieleza wazee walikwisha kulipa jina: mmevikwa kilemba cha ukoka. Mna vyeo na mna beji, lakini mpini uko mkononi mwa mtu mwingine. Nawe umeona vizuri kwamba mlezi wenu si mtu mbaya. Mara nyingi anayefanya hivi ni mtu mwenye bidii kuliko wenzake wote, anayeogopa kwamba vijana wakikosea wataumia na jina la klabu litachafuka.

Nalijua jambo hili kwa ndani kwa sababu nililifanya mimi mwenyewe. Katika mwaka wangu wa kwanza wa ulezi niliandika ajenda zote na kuwapigia simu wafadhili wote, na miradi yetu ilipendeza sana. Nilipohamishwa katikati ya mwaka, klabu ile haikumaliza muhula. Viongozi wake walikuwa na akili na moyo wa kazi, lakini hakuna hata mmoja wao aliyekuwa na namba ya simu ya hospitali tuliyokuwa tukiihudumia, na hakuna aliyejua daftari la fedha lilikokuwa. Lilikuwa kabatini kwangu. Hadi leo nikilikumbuka daftari lile naona haya, kwani niliwanyima vijana wale kitu ambacho nilikuwa nimekwenda kuwapa.

Mwaka 1992 mtafiti Roger Hart aliliandikia shirika la UNICEF uchambuzi wa namna watoto na vijana wanavyoshirikishwa katika mambo ya jamii, akaupanga kama ngazi yenye vipandio vinane. Vitatu vya chini, kwa maoni yake, si ushiriki hata kidogo: kijana hutumiwa kwa lengo asilolielewa, au huwekwa kama pambo, au hupewa nafasi ya kusema ilhali neno lake halina uzito. Fulana na picha ulizozitaja ziko hapo. Lakini tazama kipandio cha juu kabisa. Wengi hudhani kwamba ni pale vijana wanapofanya kila kitu peke yao, na sivyo. Ni pale vijana wanapoanzisha jambo wao wenyewe, kisha wakaamua pamoja na watu wazima. Ndiyo maana nakusihi msiende kwa mlezi wenu kumwambia akae pembeni. Mnamhitaji, ila mnamhitaji kwa kazi nyingine.

Anzeni na ajenda, kwa sababu anayeandika ajenda ndiye anayeamua kitakachozungumzwa. Siku nne kabla ya kikao, wewe na mwenyekiti mkae mwandike rasimu: kufungua kikao, kuthibitisha muhtasari wa kikao kilichopita, yatokanayo, taarifa ya mweka hazina, mradi unaoendelea, mengineyo, kufunga. Mpelekeeni mkononi na kumwambia, "Mwalimu, tumejaribu kuandaa ajenda, tunaomba utuonyeshe palipopungua." Mtu wa ualimu hakatai kazi iliyoletwa ili isahihishwe. Ataisahihisha, na pengine mara ya kwanza ataisahihisha mno. Mkiendelea kuileta mapema na ikiwa safi kila mara, atabaki kuongeza neno moja moja.

Kuhusu muhtasari, niseme ukweli kwamba huenda alikuwa na sababu. Makatibu vijana wengi huandika kila kilichosemwa, nani alimjibu nani, hadi kurasa sita zinajaa na msomaji bado hajui kilichoamuliwa. Muhtasari mzuri hutaja waliohudhuria na waliotoa udhuru, kama akidi ilitimia, hoja iliyotolewa na kuungwa mkono, na uamuzi uliofikiwa. Kisha hutaja lile ambalo makatibu wengi hulisahau, yaani jina la mtekelezaji na tarehe ya kurudisha taarifa. "Ilikubaliwa kwamba mahitaji ya maktaba yafuatiliwe" ni sentensi isiyo na mwenyewe. Iandike hivi: "Katibu msaidizi atamwona mkutubi kabla ya tarehe 12 na kuleta orodha ya vitabu vinavyohitajika." Kikao kijacho, chini ya yatokanayo, jina lile litaitwa, na mwenye jina atasimama na kujibu. Uongozi hufundishwa katika dakika ile moja, kijana anaposema mbele ya wenzake, "Nilikwenda, nikakuta hivi," au, "Sikwenda, naomba radhi, nitakwenda kesho." Nimewaona vijana waliojibu kwa machozi mara ya kwanza, na mwaka uliofuata wao ndio waliokuwa wakiliita jina la mwenzao kwa upole.

Mkishazoeana na mlezi katika hayo, mwombeni kwamba katika kikao maoni yake yaje mwisho. Mtu mzima akisema kwanza, vijana waliolelewa kwa adabu hawatasema kinyume chake. Akisema mwisho, atasikia mengi ambayo hajawahi kuyasikia. Yapo mambo ambayo yatabaki yake na ni lazima yabaki: usalama wenu, ruhusa ya wazazi na ya shule, na haki ya kusimamisha jambo lenye hatari kwa sharti kwamba anatoa sababu. Akiuliza mmeyatoa wapi mawazo haya, mwelezeni kwa heshima kwamba kifungu cha 12 cha Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 kinampa mtoto haki ya kutoa maoni katika mambo yanayomhusu, na kwamba maoni hayo yapewe uzito kulingana na umri na upevu wake.

Na mwenyekiti wako mwambie asijiuzulu kabla hajaongoza kikao kimoja cha kweli.

SWALI: Mwalimu mwenzangu, klabu ninayoilea ina wanachama 30 wenye ari kubwa. Mwaka jana tulifanya usafi katika makazi ya wazee mara moja, tukagawa madaftari mara moja, na tukapanda miti 200 mara moja. Miti mingi imekauka, na mkuu wangu akiniuliza vijana wamejifunza nini nakosa jibu. Ninakosea wapi? – *Mlezi aliyechoka*

JIBU: Pole, mwalimu, na asante kwa kuandika bila kuficha. Isome tena barua yako uone maneno "mara moja" yamejitokeza mara ngapi. Klabu iliyofanya mambo matatu mara moja moja imejifunza kufika na kuondoka. Chagueni mahali pamoja mwaka huu, mkae hapo.

Kabla ya kubeba ufagio, pelekeni maswali. Nashauri vikao viwili vya kwanza vitumike kuwaandaa vijana kwenda wawili wawili kuzungumza na wenyeji wa mahali pale, mmoja akiuliza na mwingine akiandika, kisha warudi wasomane walichokisikia. Kuuliza ni kazi ya ustadi. Kijana atajifunza kwamba ukimwuliza mzee, "Je, mnahitaji usafi?" atakujibu ndiyo kwa ukarimu tu, lakini ukimwuliza, "Siku yako huwa ngumu zaidi saa ngapi?" utasikia jambo ambalo hukulitarajia. Klabu moja niliyoilea ilikwenda kwa wazee ikiwa na nia ya kupaka rangi kuta, ikarudi na ombi la mtu wa kuwasomea barua na kuwaandikia majibu. Kazi hiyo haikuhitaji fedha, na vijana waliifanya kila wiki kwa mwaka mzima.

Jambo la pili ni kutafakari, na hapa ndipo jibu la mkuu wako lilipo. Mwanaelimu John Dewey alisisitiza tangu mwanzo wa karne ya 20 kwamba elimu hutokana na uzoefu uliofikiriwa, na David Kolb, mwaka 1984, aliuchora mwendo huo kama mzunguko wa hatua nne: kutenda, kutazama nyuma, kupata kanuni, na kuijaribu kanuni hiyo katika tendo jipya. Klabu nyingi huishia hatua ya kwanza. Kaeni chini ndani ya siku mbili baada ya kila kazi, wakati miguu bado inauma, na waulize vijana wako nini kilitokea, kina maana gani, na sasa tufanye nini. Usikubali kila mmoja ajibu kwamba "ilikuwa nzuri".

Na ile miti usiifiche. Wapeleke vijana pale pale, waihesabu: mingapi imesimama, mingapi imekufa, iliyosimama iko upande gani, na nani amekuwa akiimwagilia bila kuagizwa na mtu. Ikiwa kuna miti iliyopona, huenda yupo jirani mwenye ndoo. Huyo ndiye mliyepaswa kuonana naye kabla ya kuchimba shimo la kwanza, na vijana watakaomgundua wenyewe hawatapanda tena mti bila kumtafuta mtu wa namna yake.

SWALI: Shikamoo Mshauri. Nimechaguliwa kuwa mweka hazina. Tulifanya tamasha kukusanya fedha za kununua viti vya magurudumu, na watu wakachangia vizuri. Sasa baadhi ya viongozi wanataka sehemu ya fedha hizo inunue fulana za klabu, kwa kuwa "tumezitafuta sisi". Nikikataa naitwa mchoyo. – *Mweka hazina mpya*

JIBU: Marahaba, mwanangu. Simama hapo hapo uliposimama. Aliyetoa fedha yake mlangoni aliambiwa ni ya viti, na tangu alipoiachia haikuwa yake wala haikuwa yenu. Ni ya mtu atakayekikalia kiti hicho. Katika familia ya Lions na Leo hii ni kanuni: fedha zilizokusanywa kutoka kwa umma hurudi kwa umma, na uendeshaji wa klabu, fulana zikiwemo, hulipwa kwa ada za wanachama wenyewe. Gharama za moja kwa moja za kuandaa tamasha, kama vile kukodi vyombo vya muziki, zinaweza kutolewa katika makusanyo, zikiwa na stakabadhi. Ndiyo maana hutunza hesabu mbili zilizotengana, moja ya uendeshaji na moja ya huduma. Fanyeni vivyo hivyo, hata kama hesabu zenu ni bahasha mbili na kurasa mbili za daftari moja.

Daftari lako liwe na safu tano: tarehe, maelezo, kilichoingia, kilichotoka, salio. Fedha za tukio zihesabiwe siku ile ile, kabla watu hawajatawanyika, na watu wawili watakaotia saini. Malipo yoyote yaidhinishwe na wawili. Usome taarifa katika kila kikao, hata pale ambapo hakuna kilichoingia wala kutoka, ili siku yenye jambo zito isiwe siku ya kwanza wenzako kuisikia sauti yako.

Na kwa viongozi wanaokuita mchoyo, nakupa maswali manne ambayo Herbert J. Taylor, mfanyabiashara wa Chicago, aliyaandika mwaka 1932 alipokuwa akijaribu kuiokoa kampuni iliyokaribia kufilisika, na ambayo Rotary iliyakubali kuwa yake mwaka 1943. Kwa jambo lolote tunalolifikiri, kulisema au kulitenda: je, ni kweli? Je, ni haki kwa wote wanaohusika? Je, litajenga nia njema na urafiki ulio bora? Je, litawanufaisha wote wanaohusika? Yasome kikaoni polepole, kisha uwaombe wayajibu kuhusu fulana. Huna haja ya kugombana na mtu.

SWALI: Mshauri, kijana wangu wa miaka 16 amechaguliwa kwenda kwenye kambi ya uongozi iitwayo RYLA, na atalala huko siku kadhaa. Ni kitu gani, na nijihakikishie nini kabla sijamruhusu? – *Baba mwenye wasiwasi*

JIBU: Baba, wasiwasi wako ni wa haki. RYLA ni programu ya Rotary ya kuwafunza vijana uongozi, iliyoanzia Queensland, Australia, mwaka 1959 na kukubaliwa na Rotary kuwa programu rasmi mwaka 1971. Huandaliwa na klabu na wilaya za Rotary kwa vijana wa miaka 14 hadi 30, waliogawanywa kwa umri, na kwa kawaida huchukua siku 3 hadi 10. Vijana hufanya mazoezi ya kutatua matatizo kwa vikundi, kuzungumza mbele ya watu, na kupanga kazi watakayoifanya wakirudi nyumbani.

Dai fomu ya ridhaa iliyoandikwa, ratiba, na majina ya watu wazima watakaokuwepo. Uliza kama wamechunguzwa kabla ya kupewa dhamana ya watoto, mabweni yamegawanywa vipi, na kama ipo kanuni kwamba hakuna mtu mzima anayekaa peke yake na mtoto mahali pa faragha. Mwachie mwanao namba ya simu aijue kwa moyo. Waandaaji wa kweli huyatoa hayo yote kabla hujauliza. Akinuna mtu kwa sababu umeuliza, mrudishe mtoto nyumbani.

SWALI: Mimi ni mtu wa haya sana. Nikisimama mbele ya watu sauti hukauka. Je, klabu hizi zinanifaa? – *Mkimya*

JIBU: Zinakufaa, mwanangu, na klabu nzuri inakuhitaji. Usianze na hotuba. Chama cha Toastmasters, kilichoanzishwa na Ralph Smedley huko California mwaka 1924 kwa ajili ya kufundishana kuzungumza hadharani, kimejengwa juu ya kazi ndogo ndogo: mmoja hutunza muda, mwingine huhesabu kila "aa" na "mm" ya msemaji, mwingine hutoa tathmini. Walio chini ya miaka 18 wana klabu zao zinazoitwa Gavel. Omba kazi ya kutunza muda katika klabu yako. Itakulazimu kusimama na kusema sentensi mbili katika kila kikao, na baada ya vikao kadhaa sentensi mbili zitakuwa hazikutishi. Halafu omba kusoma muhtasari, ambao umeshaandikwa na hauhitaji kubuni neno.

SWALI: Nina miaka 24. Nilimaliza sekondari, siko chuoni. Tuko vijana tisa mtaani na tunataka kuunda klabu ya huduma. Je, tunaweza kujiunga na mtandao mkubwa, au ni lazima tuwe wanafunzi? Pia, viongozi wakae madarakani muda gani? – *Wenzako tisa*

JIBU: Si lazima muwe wanafunzi. Rotaract, iliyo chini ya Rotary na iliyoanza mwaka 1968 huko Charlotte, North Carolina, ina klabu za vyuoni na klabu za jamii. Zamani mwisho wa uanachama ulikuwa miaka 30, lakini tangu mwaka 2020 ukomo huo umeondolewa, na klabu mpya inaweza kuanzishwa ikiwa na klabu mlezi au bila kuwa nayo. Klabu za Leo, zile za Lions, zina kundi la miaka 18 hadi 30. JCI (Junior Chamber International), ambayo chimbuko lake ni harakati ya vijana iliyoanza St. Louis mwaka 1915, hupokea watu wa miaka 18 hadi 40. Zitembeleeni klabu mbili au tatu kabla ya kuamua, mketi nyuma, na mtazame kama wanaozungumza ni wale wale kila mara. Mkiona bado hamjawa tayari kujiunga popote, anzeni na katiba ya ukurasa mmoja na kazi moja mnayoweza kuimaliza.

Kuhusu muda, fuateni desturi ya vyama hivi: mwaka mmoja. Rotary na Lions, pamoja na klabu zao za vijana, hubadilisha viongozi kila mwaka, na mwaka wao huanza tarehe 1 Julai. Wapo wanaolalamika kwamba mwaka hautoshi, na kwa mradi mkubwa kweli hautoshi, lakini mnaunda klabu ili watu wote tisa wajifunze, na mtu mmoja akikaa miaka mitatu wengine watajifunza kumtegemea. Mchagueni mwenyekiti ajaye miezi kadhaa kabla ya zamu yake, ahudhurie vikao vyote vya uongozi, na apewe kikao kimoja akiendeshe wakati aliyepo bado yupo kando yake.

Makabidhiano msiyafanye kwa maneno. Jalada liwe na katiba, mihtasari yote, orodha ya wanachama, majina na namba za watu mnaofanya nao kazi, na ukurasa mmoja ambao anayeondoka ameandika kwa mkono wake mambo yaliyomshinda. Kisha mweka hazina wa zamani na mpya wakae meza moja mbele yenu nyote, wafungue daftari ukurasa kwa ukurasa, wahesabu salio kwa mikono yao, na wote wawili watie saini chini ya mstari wa mwisho. Na ukurasa unaofuata uandikwe tarehe kwa mwandiko wa yule mpya.